Maisha ya Albrecht Dürer, Mchora Picha wa Nürnberg

Wakristo wengi waijua picha ya mikono miwili iliyokutanishwa kwa kusali. Hamna uso ndani yake wala mwili, ila mikono tu, yenye vidole vyembamba na mishipa iliyotuna, na pindo la nguo penye vifundo. Picha hii imechapwa mara nyingi katika vitabu na katika kadi, tena imetundikwa ukutani katika nyumba za waamini wa nchi nyingi. Aliyeichora ni Albrecht Dürer wa mji wa Nürnberg katika Ujerumani, mwaka 1508.

Pamoja na picha hiyo husimuliwa hadithi. Husemwa ya kuwa ndugu wawili maskini walitaka wote kuwa wachoraji, wakapiga kura. Mmoja akaenda kujifunza, na mwingine akashuka machimboni kufanya kazi ili amlipie nduguye. Hata yule wa kwanza aliporudi, mikono ya nduguye ilikuwa imekwisha kuharibika, asiweze kushika kalamu tena. Ndipo mchoraji akaichora mikono ile kwa shukrani. Hadithi hii yagusa moyo, nayo imehubiriwa mahali pengi. Lakini si kweli. Na Wakristo hatuna haja ya kuipamba kweli kwa uongo, hata ukiwa uongo mtamu. Basi twataka kusimulia maisha ya mtu huyu kama yalivyokuwa, maana mna mafundisho ndani yake yaliyo makubwa kuliko ya hadithi: jinsi kipawa cha Mungu kinavyolelewa, na jinsi mikono ya watu wengi inavyotumika kukilea.

Albrecht alizaliwa tarehe 21 Mei 1471. Baba yake, ambaye naye aliitwa Albrecht, alikuwa mfua dhahabu aliyetoka nchi ya Hungaria akafika Nürnberg mwaka 1455. Akafanya kazi kwa fundi Hieronymus Holper, kisha akamwoa binti yake, jina lake Barbara. Mungu akawajalia watoto 18, lakini waliokua hata kuwa watu wazima ni watatu tu: Albrecht, Endres na Hans. Wasomaji wetu waliozika watoto watajua uzito wa hesabu hiyo. Endres akawa mfua dhahabu kama baba yake. Hans akawa mchoraji, akamsaidia kaka yake kazini, na baadaye akaenda Kraków kumtumikia mfalme wa Poland. Hakuna ndugu aliyeangamia machimboni.

Baba alimfundisha Albrecht kazi yake mwenyewe, maana alitumaini ya kuwa mwana huyu atakishika kiwanda baada yake. Mtoto akajifunza vizuri, lakini moyo wake ulivutwa na picha. Mwaka 1484, alipokuwa mwenye umri wa miaka 13, aliketi mbele ya kioo akajichora uso wake kwa kalamu ya fedha, ambayo mstari wake haufutiki ukiisha kuandikwa. Karatasi hiyo ipo hata leo katika mji wa Vienna. Hatimaye akamwambia baba yake haja yake. Mzee hakufurahi, kwa kuwa alihesabu miaka iliyopotea katika mafunzo ya dhahabu. Hata hivyo alikubali, na tarehe 30 Novemba 1486 akampeleka mwanawe kwa Michael Wolgemut, fundi mkubwa wa picha katika mji ule, akae kwake miaka mitatu.

Hapa tusimame kidogo, tukitazame kiwanda cha namna hiyo. Kilikuwa nyumba ya kazi yenye bwana, mafundi wake wenye kulipwa, na vijana wanagenzi. Mwanagenzi hakupewa picha kubwa siku ya kwanza. Alisaga rangi, alilainisha mbao na kuzipaka chokaa nyeupe, alichemsha gundi, alinoa visu, alitengeneza kalamu. Alinakili michoro ya bwana wake mara nyingi, hata mkono wake ukazoea. Katika kiwanda cha Wolgemut zilitengenezwa picha za altare kwa makanisa, tena zilitayarishwa mbao za kuchapia picha za vitabu. Kitabu kikubwa cha historia ya ulimwengu, kilichochapwa Nürnberg mwaka 1493 na Anton Koberger, chenye picha zaidi ya 1,800, kilipata picha zake katika kiwanda hicho. Na Koberger huyo ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Albrecht.

Dürer mwenyewe aliandika baadaye ya kuwa Mungu alimpa bidii katika miaka ile akajifunza vema, ila aliteswa sana na wenzake wa kiwandani. Hakuyaficha hayo, wala hakuyafanya kuwa kisa cha kumsahau bwana wake. Mwaka 1516, alipokuwa ameisha kuwa mashuhuri katika Ulaya, alichora uso wa mzee Wolgemut, mwenye ngozi iliyokunjamana na macho makali. Na mzee alipofariki mwaka 1519, akaandika juu ya picha ileile siku ya kufa kwake. Hivyo ndivyo mwanafunzi alivyomheshimu mwalimu.

Baada ya Pasaka ya mwaka 1490 baba alimtuma mwanawe kusafiri. Ilikuwa desturi ya mafundi wa Ujerumani: kijana akiisha kumaliza mafunzo yake, hufunga mzigo akaenda mji hata mji, akafanya kazi kwa mabwana wengine, ili aone kwamba mambo yana njia zaidi ya moja. Asiyetoka nyumbani hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Albrecht alikaa safarini miaka minne. Alitamani sana kumwona Martin Schongauer wa mji wa Colmar, aliyewashinda wote katika kuchora juu ya bamba la shaba. Lakini alipofika huko mwaka 1492 alikuta fundi huyo amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Ndugu za marehemu wakampokea kwa wema. Akaenda na Basel, mji wa wapiga chapa, kisha Strasbourg.

Baada ya Pentekoste ya mwaka 1494 akarudi, na tarehe 7 Julai akamwoa Agnes Frey, aliyechaguliwa na wazazi. Hawakujaliwa watoto. Mwaka uleule tauni iliingia Nürnberg, na katika majira ya kupukutika majani Albrecht akaondoka, akavuka milima ya Alps kwenda Italia. Katika safari hiyo alifanya jambo ambalo wachoraji wachache wa zamani zake walilifanya. Alikaa kando ya njia na rangi za maji, akachora milima, ngome, mabwawa na miji, bila mtu wala mtakatifu ndani yake. Hakuna aliyemwagiza picha hizo, wala hazikuwekwa kanisani. Alizichora ili afundishe jicho lake kuona kazi ya Muumba kama ilivyo. Twaamini ya kuwa saa hizo za ukimya zilimfaa kama miaka ya kiwandani. Maana kiwandani mtu hujifunza kutoka kwa mwanadamu, na pale njiani alijifunza kutoka kwa vitu vyenyewe.

Mwaka 1495 akarudi akafungua kiwanda chake. Mwaka 1498 akatoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye picha kubwa 15 zilizochongwa katika mbao, akakichapa kwa gharama yake mwenyewe. Picha ya altare huonekana na watu wa kanisa moja. Lakini karatasi iliyochapwa huenda sokoni, huvuka mipaka, hununuliwa na mtu asiye tajiri. Agnes alizipeleka picha hizo kwenye soko kubwa la Frankfurt, na mama mzee naye aliziuza mjini. Watu waliokuwa na hofu ya mwisho wa dunia wakaona wapanda farasi wanne wakikanyaga wafalme na wakulima pamoja. Herufi A na D, alizozitia katika kazi zake, zikajulikana kote.

Lakini Dürer hakujiona amefika. Mchoraji mmoja wa Venice, Jacopo de' Barbari, alikuwa amemwonyesha mwili wa mwanamume na wa mwanamke uliochorwa kwa vipimo, akakataa kumfunulia siri ya vipimo hivyo. Jambo hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1505, akiwa mtu wa umri wa miaka 34 mwenye kiwanda na wanafunzi, aliacha yote akaenda tena Venice kuwa kama mwanafunzi, kwa fedha alizokopa kwa rafiki yake Willibald Pirckheimer.

Huko hakupokewa na wote. Wachoraji wengine walimwonea wivu, wakanakili kazi zake huku wakizilaumu. Rafiki zake wakamwonya asile wala asinywe pamoja nao. Akaitwa mbele ya wakubwa mara tatu, akalipishwa fedha kwa chama cha wachoraji. Tena watu walisema ya kuwa ni hodari wa kuchonga tu, hajui kutumia rangi. Dürer hakubishana nao. Mwaka 1506 aliwachorea wafanya biashara wa Kijerumani picha ya altare kwa kanisa lao, yenye Mama Maria, Kaisari na Papa, na rangi zake zikawanyamazisha wasemaji. Mzee Giovanni Bellini, aliyekuwa mkuu wa wachoraji wote wa Venice, akaja kiwandani kwake, akamsifu mbele ya wakuu, akaomba auziwe kazi yake. Naye Dürer akawaandikia wa kwao ya kuwa mzee huyu, pamoja na uzee wake, angali bora kuliko wengine. Serikali ya Venice ikampa ahadi ya dukati 200 kila mwaka kama angekaa. Lakini mwaka 1507 akarudi Nürnberg, ingawa alijua ya kuwa kwao hataheshimiwa hivyo.

Sasa twafika kwenye ile mikono. Mfanya biashara Jakob Heller wa Frankfurt alimwagiza picha ya altare ya kutawazwa kwa Mama Maria, na mitume wakilizunguka kaburi tupu chini yake. Dürer alifanya kazi hiyo hata mwaka 1509, na nduguye Hans alikuwa mmoja wa waliomsaidia. Kabla ya kugusa ubao alitayarisha michoro mingi juu ya karatasi ya rangi ya samawati: kichwa cha mtume huyu, pindo la joho la yule, nyayo za mwingine aliyepiga magoti. Mikono inayosali ni mmoja wa michoro hiyo ya matayarisho, yaani ni mikono ya mtume. Picha kubwa yenyewe ilipelekwa Munich baadaye, ikateketea kwa moto mwaka 1729, tukabakiwa na nakala yake tu. Kazi ambayo tajiri aliilipia na watu wakaistaajabia imekwisha. Karatasi ya kujifunzia, ambayo haikukusudiwa kuonwa na mtu, ndiyo inayojulikana ulimwenguni mwote. Mwenye kuifanya kazi ya sirini kwa uaminifu na alizingatie jambo hilo.

Katika kiwanda chake Dürer naye aliwalea wengine. Hans Baldung, Hans Schäufelein na Hans von Kulmbach walifanya kazi kwake, wakawa mafundi wenye majina yao wenyewe. Hakuwafungia siri za kazi, kwa kuwa alikumbuka jinsi ilivyo kufungiwa. Kaisari Maximilian akampa kazi nyingi, na kuanzia mwaka 1515 malipo ya gulden 100 kila mwaka.

Lakini heshima haikuondoa huzuni. Mwezi wa Machi 1514 alimchora mama yake kwa makaa: mwanamke aliyekonda, mwenye kuzaa watoto 18 na kuzika karibu wote. Miezi miwili baadaye mama akafariki. Katika miaka hiyo moyo wa Dürer ulisumbuka sana kwa habari ya dhambi na wokovu. Mtawala Friedrich wa Sachsen, aliyeitwa Mwenye Hekima, alikuwa amemnunulia Dürer picha tangu zamani. Naye ndiye aliyemlinda Martin Luther. Kwa mkono wake Dürer alipata kijitabu cha Luther. Mwaka 1520 akamwandikia Spalatin, karani wa mtawala huyo, akimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyemtoa katika mahangaiko makubwa, na kueleza hamu yake ya kumchora Luther ili akumbukwe daima. Hamu hiyo haikutimia. Watu hawa wawili hawakuonana kamwe.

Mwezi wa Julai 1520 akasafiri tena, pamoja na Agnes na mjakazi wao Susanna, kwenda Antwerp, kwa kuwa Kaisari Maximilian amekufa, na ilimpasa kuomba malipo yake yathibitishwe na Kaisari mpya, Karl wa Tano. Wachoraji wa Antwerp wakamfanyia karamu katika nyumba ya chama chao, wote na wake zao, wakasimama pande mbili alipopita, kama apitavyo mtu mkubwa. Huko Brussels aliona vitu vya dhahabu na manyoya vilivyoletwa kutoka Meksiko, akastaajabia akili za mafundi wa nchi ya mbali. Na katika mwaka 1521, nyumbani kwa wakala wa mfalme wa Ureno, alimchora Katharina, msichana Mwafrika wa miaka 20 aliyekuwa mtumishi katika nyumba hiyo. Amefunga kitambaa kichwani, na macho yake yanatazama chini. Wakubwa wengi waliochorwa siku zile majina yao yamesahauliwa. Lakini jina la binti huyu na umri wake Dürer aliviandika kwa mkono wake juu ya karatasi.

Katika majira ya baridi alikwenda pwani ya Zeeland kutazama nyangumi aliyetupwa ufukoni. Chombo kilikaribia kuangamia, nyangumi alikuwa amekwisha kuchukuliwa na maji, na Dürer akapata homa iliyomsumbua mpaka kufa.

Hata mwezi wa Mei 1521 ikamfikia Antwerp habari ya kuwa Luther, alipokuwa akirudi kutoka Worms, amekamatwa njiani. Hakuna aliyejua kama yu hai au ameuawa. Dürer akaandika katika kitabu chake cha safari maombolezo marefu, ambayo ni sala pia, akimlilia Mungu kwa ajili ya mtu aliyeihubiri Injili kwa uwazi, na kuuliza ni nani atakayewafundisha sasa. Hakujua ya kuwa Luther amefichwa na rafiki zake katika ngome ya Wartburg, na ya kuwa ndani ya ngome ile atalifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Kitabu hicho kilitoka kiwandani mwezi wa Septemba 1522.

Mwaka 1525 mji wa Nürnberg ukaipokea Injili na matengenezo ya kanisa. Lakini katika miji mingine watu walianza kuvunja sanamu na kuchoma picha, wakidhani ya kuwa kila picha ni ibada ya sanamu. Hapo kazi yote ya maisha ya Dürer iliwekwa mizanini. Katika mwaka uleule alitoa kitabu cha kupima kwa dira na rula, akakiandika kwa Kijerumani ili vijana wa viwandani wakielewe. Na mwanzoni mwake akajibu kwa upole ya kuwa Mkristo havutwi na picha katika ushirikina, kama vile mtu mwema havutwi kuua kwa sababu ana silaha kiunoni. Na zile siri za vipimo alizonyimwa ujanani, alizitafuta mwenyewe miaka mingi, akaziandika zote katika vitabu vinne juu ya mwili wa mwanadamu, ili kila kijana azipate.

Mwaka 1526 akatoa jibu lake kubwa zaidi. Alichora mbao mbili zenye urefu uzidio mita 2: katika mmoja Yohana na Petro, katika wa pili Marko na Paulo. Picha hiyo huitwa Mitume Wanne, ijapokuwa Marko hakuwa mmoja wa mitume. Hakuiuza kwa kanisa wala kwa tajiri. Aliwapa wakuu wa mji, iwekwe katika nyumba ya baraza, nao wakampa gulden 100 kwa shukrani. Chini ya watakatifu hao mwandishi hodari Johann Neudörffer aliandika maneno yao wenyewe, yanayowaonya watawala wajihadhari na manabii wa uongo. Nayo yalitoka katika Agano Jipya lililofasiriwa Wartburg. Aliyeliliwa kama mfu alikuwa ameleta maneno, na aliyemlilia akayapa maneno hayo nyuso. Mwaka 1627 picha hiyo ilitolewa kwa mtawala wa Bavaria, na maneno yakakatwa kwa msumeno yakabaki Nürnberg. Lakini mwaka 1922 yaliunganishwa tena na mbao zake, nayo yasomeka Munich hata leo.

Albrecht Dürer alifariki tarehe 6 Aprili 1528, mwenye umri wa miaka 56, kabla vile vitabu vinne havijatoka kwa wapiga chapa. Agnes akahakikisha vinatoka katika mwaka uleule. Alizikwa katika makaburi ya Johannis huko Nürnberg, na Luther aliposikia akaandika kwa huzuni juu ya mtu mwema aliyeondoka.

Basi, ndugu wapenzi, tujiulize ni nani aliyemfanya Dürer kuwa alivyokuwa. Baba aliyekubali kupoteza msaidizi, Wolgemut aliyemfundisha kusaga rangi, ndugu wa Schongauer waliompokea mgeni, Bellini asiyemwonea wivu kijana, Pirckheimer aliyemkopesha, Agnes aliyesimama sokoni, na Mungu aliyempa kipawa tangu mwanzo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika sharika zetu wapo watoto wenye kuchora kwa makaa ukutani na kwa kijiti mchangani, na wazazi wengi huwakemea ya kuwa wanacheza. Tuwatazame mara ya pili. Wapewe mwalimu, wapewe nafasi ya kwenda kuona kazi za wengine, wapewe siku za utulivu za kujaribu bila kuhesabiwa faida, na wakirudi wapokewe kwa furaha. Mikono ile inayosali si mikono ya mtu mmoja aliyetolewa kafara kwa ajili ya mwingine. Ni mikono iliyofundishwa na wengi, ikamrudishia Mungu yaliyo yake.